Barua Iliyofika Jumanne

Mwaka 1996 Atupele alihamia Tunduma kwa sababu ambayo hakumwambia mtu. Waliomuuliza aliwajibu kwamba amefuata kazi. Wafanyabiashara wa mpakani wanajenga kila kukicha, na kila anayejenga anahitaji mtu wa kumchorea ramani ya nyumba. Hilo lilikuwa kweli. Lakini kweli yenyewe ni kwamba mwanawe wa pekee, Jastin, alivuka lango la Tunduma akiwa na miaka ishirini, akaandika barua moja kutoka Lusaka kusema anaelekea kusini zaidi, kisha akanyamaza. Atupele alijiambia kwamba siku akirudi atapita hapa. Akapanga nyumba ya vyumba viwili iliyotazama barabara kuu, akaweka ubao wake wa kuchorea chini ya dirisha, akaanza kungoja huku mikono yake inafanya kazi.

Alikuwa amezaliwa Mbebe, kwenye vilima vya Ileje, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwanamke pekee katika chumba cha wachora ramani kwenye ofisi moja ya ujenzi pale Mbeya mjini. Mumewe, Sunday, dereva wa lori, alifariki mwaka 1991. Miaka minne baadaye ofisi ikapunguza wafanyakazi, na Atupele akalikuta jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, katikati ya majina ya wafagizi na walinzi. Aliondoka na ubao wake, rula ndefu, na tabia ya kunyamaza ambayo watu waliichukulia kuwa ni majivuno.

Pale Tunduma alijifunza kupika ugali wa mtu mmoja, jambo gumu kuliko watu wanavyodhani, maana unga ukiwa kidogo huungua kabla haujaiva. Jumapili alikwenda kanisani na kurudi. Jirani yake Rosemary, aliyekuwa akiuza vitenge kwa Wazambia, alimsalimia asubuhi na jioni juu ya ua, na kuna siku salamu hizo mbili ndizo maneno pekee ambayo Atupele aliyasikia yakielekezwa kwake. Chumba cha pili alikitandika kitanda na kukifunga. Kila Jumamosi alikifungua, akafuta vumbi, akakifunga tena.

Ilipita miaka mitatu hivyo.

Mwezi wa sita mwaka 1999 alipiga hodi mwanamume mmoja mrefu, kofia mkononi, na nyuma yake binti aliyebeba begi la shule. Mwanamume alikuwa Msukuma. Alijitambulisha kwa jina la Ngolo, mfugaji na mkulima wa mpunga kule Kamsamba, ambako yeye na ndugu zake walihamia na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita.

"Mama, nimeambiwa wewe ndiye unayechora nyumba."

"Ndiye mimi. Unataka kujenga?"

"Mimi sina haraka ya kujenga," Ngolo alisema. "Huyu ndiye anataka."

Binti akapiga goti kidogo, akaamkia. Jina lake Goodness. Alikuwa amemaliza kidato cha sita kwenye shule ya wasichana huko Iringa, na matokeo yake ya fizikia na hisabati yalikuwa mazuri. Alitaka kusomea usanifu majengo Dar es Salaam. Lakini chuo hakikuridhika na alama za darasani peke yake. Waombaji waliofaa wangeitwa kufanya mtihani wa kuchora, na kila mmoja angetakiwa kufika na michoro kumi na miwili ya mkono wake.

"Shuleni kwetu hapakuwa na somo la kuchora," Goodness alisema. "Sijawahi kufundishwa na mtu."

"Wala mimi si mwalimu," Atupele alijibu. "Mimi nachora vyumba vya watu na vyoo vyao. Mtafuteni mwalimu."

Hakuna aliyeinuka. Goodness alifungua begi, akatoa daftari la mistari, la kawaida la shuleni, akaliweka mezani. Atupele alilifungua kwa adabu tu. Ndani mlikuwa na ng'ombe, ukurasa baada ya ukurasa: wanaokunywa, wanaokwaruza shingo kwenye mti, wanaopigana. Alipofika kwa ng'ombe mmoja aliyelala alisimama. Mistari ilikuwa ya kitoto, kwato hazikulingana, lakini ulimwona yule mnyama alivyouachia uzito wake ardhini. Tumbo lilikuwa limekaa, mguu wa mbele umebanwa chini ya kifua kama ulivyo hasa. Atupele alikuwa amefanya kazi na wanaume wenye vyeti ambao hawakuweza kufanya hivyo hadi wanastaafu.

"Ulimtazama muda gani huyu?"

"Sijui. Nilikuwa nachunga. Nilikuwa naye siku nzima."

Atupele alifunga daftari. Alitazama mlango wa chumba cha pili, akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

"Atalala humu," alisema.

Alimfundisha kwa namna aliyoijua, yaani kwa ukali na bila maneno mengi. Wiki ya kwanza Goodness hakuruhusiwa kushika rula. Alichora kigoda cha jikoni kwa penseli laini, asubuhi kwa mwanga wa mlangoni na mchana kwa mwanga wa dirishani, hata akakichukia. Kila mara Atupele aliweka kidole mahali pamoja kwenye karatasi na kuuliza, "Mguu huu umebeba nini?" Goodness hakujua. Siku ya tano alichora kigoda ambacho kilionekana kweli kimesimama kwenye sakafu, akacheka peke yake. Atupele akasema, "Sasa njoo nje."

Walikwenda kukaa kando ya foleni ya malori. Foleni ilikuwa ndefu siku zote, imeshuka mteremko hadi langoni, na Atupele alimwonyesha jinsi migongo ya malori inavyozidi kuwa midogo na mistari yake inavyokimbilia mahali pamoja huko mbele, ingawa kila lori ni kubwa kama jingine. Madereva walishuka kutazama. "Mulishani, ba mayo!" walimsalimia Atupele kwa Kibemba, kwa heshima ya kumwamkia mama, na mmoja akaomba achorwe akiwa ameegemea tairi. Goodness alimchora. Dereva alicheka, akasema pua si yake, akaiomba karatasi hiyo na kwenda nayo Ndola.

Siku ile Atupele alitambua kitu ambacho kilimtia hofu kidogo. Tangu asubuhi hadi jua linageuka alikuwa amekaa kando ya barabara, na hakuwa ametazama hata uso mmoja wa abiria waliokuwa wakiingia kutoka upande wa pili.

Mara moja walisafiri hadi Mbozi Misheni, wakaomba ruhusa ya kupima nyumba moja ya zamani ya matofali. Atupele alishika ncha moja ya kamba, Goodness ncha nyingine, wakazunguka kuta wakiitana namba.

"Kwa nini ukuta mnene namna hii?" Goodness aliuliza, mkono wake wote umezama kwenye dirisha.

"Kwa nini unadhani?"

"Baridi."

"Na nini tena?"

Goodness alifikiri. "Hawakuwa na nondo. Ukuta wenyewe ndio unabeba paa."

"Haya, chora hivyo. Chora ukuta unaobeba. Wengine watachora mchoro mzuri, wewe watakuona unaelewa."

Walikula mahindi ya kuchoma wakiwa wamekaa kwenye nyasi, na katika kupokezana chumvi Goodness akasema, "Mama, naomba hiyo." Hadi siku ile alikuwa akimwita mwalimu. Hakuonekana kujisikia amesema nini. Atupele alimpa chumvi na hakula tena kwa muda.

Basi nyumba ikabadilika. Palikuwa na sufuria mbili za kuosha. Palikuwa na mtu wa kumuuliza, "Leo tunapika nini?" Palikuwa na mtu wa kukohoa chumba cha pili, wa kuimba akifua, wa kubishana kuhusu upande ambao mlango unatakiwa kufunguka. Mwezi wa saba Goodness alikwenda Kamsamba kwa wiki moja kuwasalimu wazazi, akarudi amechomwa na jua, akisimulia. Huko alikuwa amechora makazi ya watu wa bonde: maghala ya mpunga yaliyoinuliwa juu ya miti, mazizi, vibanda vya wavuvi upande wa ziwa Rukwa, michoro saba, mizuri kuliko yote aliyowahi kufanya.

"Iko wapi?"

"Nimemwachia mama. Alitaka kuwaonyesha shangazi zangu. Baba ataileta akija na mpunga, mwisho wa mwezi wa nane."

Hilo halikuwasumbua. Fomu ilikuwa imekwisha kutumwa, na kwa kuwa posta iko mbali na Kamsamba, walikuwa wameandika sanduku la posta la Atupele.

Barua ilifika Jumanne ya tarehe kumi Agosti. Atupele alikuwa amekwenda posta peke yake, kama kawaida yake, na karani akampa bahasha ya kaki yenye nembo ya chuo na jina la Goodness Ngolo limepigwa kwa taipu. Aliitia kwenye kikapu juu ya nyanya. Njiani alitembea upesi, akiwa na furaha, akipanga maneno ya kuitangazia. Alipofika karibu na nyumba alimsikia Goodness akiimba uani. Akapunguza mwendo.

Hakuifungua. Ndicho alichojitetea nacho baadaye, tena na tena, kwamba hakuifungua na hakujua imeandikwa nini. Alijua tu kwamba ni ya kumwita. Alijiambia, acha tule kwanza. Walipokwisha kula alijiambia, acha amalize mchoro wa leo, akiisoma sasa hatatulia. Jioni aliichomeka chini ya karatasi kubwa iliyofunika ubao wake wa kuchorea, akaibandika tena karatasi pembe zote nne.

Jumatano Goodness aliuliza, "Hakuna kitu posta?"

"Hakuna."

Alhamisi akauliza tena, naye akajibu vilevile, na safari hii neno lilitoka kwa urahisi zaidi. Alikuwa akichora ramani ya duka la mtu juu ya bahasha ile. Kila alipovuta mstari penseli iliruka kidogo mahali ambapo ukingo wake ulikuwa umeinua karatasi.

Ijumaa jioni Rosemary aliegemea ua, akamtazama Goodness anavyosugua sufuria kwa majivu, akasema kwa sauti ya kupenda utani, "Dada Atupele, Mungu amekukumbuka. Umepata mtoto wa kukuzika."

Goodness alicheka. Atupele alijaribu kucheka naye, midomo ikakataa. Aliyatazama mabega ya yule binti yanavyokwenda mbele na nyuma juu ya sufuria, akamwona yuleyule akiwa na miaka thelathini, akisugua sufuria ileile, na yeye mwenyewe yu ndani kitandani, akiita. Aliingia chumbani, akaketi, asile.

Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, alibandua karatasi ya ubao, akaiweka bahasha mezani mbele ya Goodness.

Goodness aliruka kwa furaha. Alichana bahasha kwa kisu cha mkate, akasoma akiwa amesimama, na Atupele aliona furaha ikimtoka usoni.

"Jumatatu," alisema. "Mtihani ni Jumatatu, saa mbili asubuhi. Hii keshokutwa."

"Keshokutwa?"

"Na michoro yote kumi na miwili. Mama, saba iko Kamsamba!" Alizunguka chumba, mikono kichwani. "Wametuma lini hii? Kwa nini wanatuma barua wakati..." Aliigeuza bahasha kutafuta tarehe. Alikuwa amefundishwa kutazama vitu vidogo, na alivitazama. Muhuri wa posta ya Tunduma ulikuwa nyuma, wa duara, umekolea wino.

"Huu muhuri ni wa tarehe kumi."

Goodness alihesabu siku kwa vidole.

"Tarehe kumi ilikuwa Jumanne. Karani alikaa nayo?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Karani asingeulizwa kamwe.

"Hapana," Atupele alisema. "Ilikuwa kwangu. Nilikuwa nayo humu ndani tangu Jumanne. Hapa chini ya karatasi."

"Kwa nini?"

Alikuwa na majibu aliyoyaandaa siku tatu, na yote yalikuwa kuhusu utulivu na kumaliza mchoro. Hakuna hata moja lililomfaa kinywani.

"Sikutaka uondoke," alisema.

Goodness alimtazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyemgonga njiani. Hakulia wala hakupaza sauti. Aliweka barua kwenye begi. Kamsamba na kurudi haiwezekani kwa siku moja; hilo wote wawili walilijua bila kulisema. Alichukua karatasi saba safi, akaketi kwenye meza ya jikoni, mgongo ameupa ubao wa Atupele, akaanza kuchora bonde la mto Momba, kule kwao, kutoka kichwani.

Atupele alisogea baada ya saa nzima. "Ghala hilo nguzo zake..."

"Usinitazamie kazi yangu," Goodness alisema.

Basi Atupele alikaa mlangoni na kuchonga penseli. Alizichonga zote, akazipanga, na kila baada ya muda mkono wa Goodness ulinyooka bila yeye kugeuka na kuchukua moja. Chai ilipoa. Mchana Goodness alitoka mara moja kukata tiketi, akarudi kuchora; chakula kikapoa. Umeme, uliotoka ng'ambo ya Zambia, ulikatika jioni, Atupele akawasha taa ya chemli na kuiweka karibu, naye Goodness akaivuta karibu zaidi, bila neno. Michoro saba ilikwisha. Miwili ilikuwa mizuri. Mitano ilikuwa michoro ya mtu aliyeharakishwa, na wote wawili walikuwa na macho ya kuliona hilo.

Alfajiri ya Jumapili, kwenye stendi ya mabasi, Atupele alikuwa amevaa viatu vya safari.

"Nitakwenda nawe. Dar huijui."

"Kuna binamu yake baba, Tabata. Nimempigia simu jana nilipotoka kukata tiketi."

"Goodness."

"Nenda nyumbani," Goodness alisema, akapanda. Alikaa upande usiokuwa wa Atupele, mkoba wa michoro magotini, na basi likaondoka.

Wiki moja ikapita. Atupele alikwenda stendi kila jioni mabasi ya Dar es Salaam yanapoingia. Siku ya tisa alimkuta kondakta aliyemkumbuka binti mwenye mkoba mpana wa maboksi. "Yule alirudi nasi Ijumaa iliyopita," kondakta alisema. "Alishukia Mlowo."

Mlowo ndipo panapochepuka njia ya Kamsamba. Alikuwa amefika karibu kiasi hicho na hakuendelea.

Ngolo alikuja mwisho wa mwezi wa tisa kuchukua sanduku la vitu ambavyo binti yake aliacha. Alileta gunia la mpunga la shukrani, akalishusha mwenyewe kutoka kwenye baiskeli, na kabla hajaketi akasema, "Amepata! Orodha ya kwanza hakuwemo. Ya pili yumo, jina la mwisho kabisa. Wa mwisho si naye yumo ndani?"

"Yumo ndani," Atupele alisema. Alishika ukingo wa meza. "Alikuambia nini kuhusu mimi?"

"Kwamba ulimfundisha. Angesema nini tena?"

Hakuwa amemwambia. Atupele angeweza kuliacha hapo, akampa mzee wa watu chai, akampa sanduku, na jina lake likabaki safi Kamsamba yote. Akamwambia. Alimweleza siku kwa siku, Jumanne hadi Jumamosi, na ile michoro saba, na orodha ya kwanza ambayo huenda jina lingekuwemo. Ngolo alisikiliza huku anageuza kofia yake magotini. Atupele akamwekea chai mezani.

"Alipoitwa kidato cha tano," Ngolo alisema mwishowe, "barua nililetewa mimi mnadani. Nilikuwa na mtu aliyekuja kuzungumza habari za kumwoa, mtu mzuri, mwenye ng'ombe. Na mama yake Goodness alikuwa mgonjwa. Barua ile niliiweka ghalani, ndani ya mpunga, wiki mbili. Mwalimu wa shule ndiye aliyekuja kuniuliza mbele ya Goodness."

"Akafanyaje?"

"Hakufanya kitu. Alikwenda shule amechelewa. Likizo ya kwanza hakuja, ya pili hakuja. Ya tatu alikuja, akachukua kibuyu, akaenda kukamua." Alisimama, akainua sanduku begani. "Mimi ni baba yake, mama. Kwangu ilikuwa lazima arudi. Kwako sijui."

Hakusema kwa ubaya. Alishukuru kwa chai, akafunga sanduku nyuma ya baiskeli kwa kamba ya mpira, akaenda zake.

Sasa Atupele alielewa kile alichokiona kwenye macho ya binti asubuhi ile. Alikuwa mtu wa pili kumfichia barua.

Aliandika barua ya mistari minne, akaituma chuoni. Haikujibiwa. Mwaka uliofuata akaandika nyingine, fupi zaidi. Kazi ilizidi, maana Tunduma ilikuwa inakua kwa vurugu, kila mtu akipandisha ukuta palipobaki nafasi. Waliletwa kwake vijana wawili wa kufundishwa kuchora, watoto wa waumini wenzake. Alikataa wote wawili, akisema macho yake yamechoka. Chumba cha pili hakukifunga tena, lakini hakuingia. Alipopita mlangoni aliona kitanda, na hakujua tena kilikuwa kinamngojea nani.

Agosti ya mwaka 2002, siku ya kazi mchana, mtu alipiga hodi akaingia kabla ya kukaribishwa, kama mtu anayeijua nyumba.

"Shikamoo, mwalimu."

Atupele alilisikia neno hilo lilivyowekwa mahali pa mama. Akaitika. Goodness alikuwa amenenepa kidogo, amekata nywele, na mfukoni mwa shati zilichomoza kalamu tatu. Alikuwa kwenye mafunzo ya vitendo Mbeya, alisema, mwaka wa tatu, na gari la ofisi lilikuwa limekuja Tunduma kupima kiwanja. Lingerudi saa kumi.

Alikunywa maji. Walizungumza habari za Ngolo, za mvua, za Rosemary ambaye alikuwa amehamia Nakonde, upande wa pili wa mpaka. Maneno yakaisha. Atupele alijua kwamba asipouliza sasa hatauliza tena.

"Umenisamehe?"

Goodness alitazama mikono yake. "Sijui," alisema. "Nimelifikiria hilo njia nzima na sijui. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikipata alama mbaya nakuchukia wewe. Nikipata nzuri nakuchukia pia." Alizungusha glasi ya maji. "Ila nimekuja."

"Umekuja," Atupele alisema.

Goodness aliinuka, labda ili asiendelee na habari hiyo, akausogelea ubao. Palikuwa na ramani ya ghorofa, ya kwanza ambayo Atupele alikuwa amepewa kuchora, ya mfanyabiashara wa mchele. Aliitazama kwa muda, ameinama, mikono nyuma.

"Ngazi hii," alisema.

"Ina nini?"

"Mtu akipanda, hapa kwenye kona kichwa kitagonga boriti. Mtu mfupi hatagonga. Baba yangu atagonga."

Atupele alichukua miwani. Alihesabu vidato kwa ncha ya penseli, akarudia, na ilikuwa kweli. Alikuwa ameichora ngazi ile siku nne.

"Ungeigeuza?"

"Ningeisogeza huku, dirisha liwe juu yake. Ingepata na mwanga." Goodness alitaka kuonyesha, akachukua penseli, kisha akairudisha mahali pake. "Utaona mwenyewe."

Honi ilipigwa barabarani. Atupele alimsindikiza hadi kwenye gari, wakatembea bila kugusana. Mlangoni Goodness alimpa mkono, akaukaza mara moja, akapanda kiti cha nyuma kati ya wanaume wawili waliokuwa wameshika vyombo vya kupimia. Gari liligeuza, likapita malori yaliyosimama, likapotea kwenye kona ya kuelekea Vwawa. Atupele alibaki amesimama hadi mtu aliyekuwa akisukuma toroli la magunia akamwomba njia.

Nyumbani glasi ya maji ilikuwa mezani, imebaki nusu. Aliiosha. Kisha aliketi kwenye ubao, akachukua kifutio, akaifuta ngazi yote, kidato kimoja kimoja, kutoka juu kwenda chini, akapuliza mabaki, akaanza kuichora upande wa dirisha.